Historia ya Urembo wa Meno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni ya maabara ya meno: nta, jasi, kauri na tanuri. Daktari hukaa na mgonjwa, mimi hukaa na jino. Watu wakishajua ninachofanya huniuliza maswali yaleyale, na mengi ni ya zamani: nani alianza, walitumia nini, waliwezaje kuvumilia bila ganzi? Nimeyajibu hapa, mengine kwa kirefu, mengine kwa mistari michache.

Niseme jambo moja mapema, maana litajirudia. Jino la mtu mzima likishachongwa halijijazi tena. Enameli, lile gamba gumu la nje, hutengenezwa kabla jino halijaota, na chembe hai zinazoitengeneza hupotea jino linapotokeza kinywani. Kwa hiyo kila mbinu iliyowahi kubuniwa naipima kwa swali moja: ilimwondolea mwenye jino kiasi gani cha jino lake?

Urembo wa meno ulianza lini?

Hauna mwanzo mmoja. Meno yaliyotobolewa kwa keekee ya jiwe yamepatikana Mehrgarh, Pakistani, kwenye makaburi ya kati ya miaka 7,500 na 9,000 iliyopita. Ila yale yalikuwa magego, meno ambayo hata ukicheka hayaonekani. Sioni urembo pale; yaelekea ni tiba.

Urembo usio na ubishi ninaouona mimi ni wa Waetruski, watu walioishi Italia ya kati kabla ya Roma kupata nguvu. Tangu karne ya 7 kabla ya Kristo mafundi wao walikunja utepe mwembamba wa dhahabu, wakauzungusha kwenye meno ya mbele, na katikati wakashikiza jino la bandia kwa pini ndogo. Jino hilo lilikuwa la mtu mwingine au lilichongwa kutoka jino la mnyama. Tepe nyingi zilizopatikana zilivaliwa na wanawake, na dhahabu ile ilionekana kila walipofumbua kinywa. Haikufichwa. Ilivaliwa kama mkufu.

Warumi nao walikuwa na desturi hiyo kiasi kwamba ilitajwa katika sheria. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, za mwaka 450 hivi kabla ya Kristo, zilikataza kumzika maiti na dhahabu, isipokuwa dhahabu iliyofunga meno yake. Hiyo hawakuona vibaya izikwe naye.

Je, meno meupe ndiyo yamekuwa kipimo cha uzuri siku zote?

Hapana, tena si kidogo. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Japani kwa karne nyingi uzuri ulikuwa meno meusi tii, yenye kung'aa kama vyombo vyao vilivyopakwa laka. Desturi hiyo iliitwa ohaguro. Zamani ilikuwa ya watu wa jumba la kifalme, wanaume kwa wanawake. Baadaye ikawa hasa alama ya mwanamke aliyeolewa. Vipande vya chuma viliachwa ndani ya siki, pamoja na chai au pombe ya mchele, hadi vikatoa maji ya kahawia yenye harufu kali. Yalipokutana na unga wa vinundu vya miti wenye tanini nyingi, yaligeuka wino mweusi usioyeyuka kwa mate. Mtu alichovya brashi kwenye maji, kisha kwenye unga, akapaka jino moja moja. Rangi ilipauka baada ya siku chache, kwa hiyo kazi ilirudiwa daima. Na rangi ile ililinda jino lisioze.

Mwaka 1870 serikali ya Meiji iliwakataza watu wa tabaka la juu kufanya hivyo, na mwaka 1873 malkia mwenyewe akajitokeza hadharani na meno meupe. Uzuri uliokuwa umedumu karne na karne ukaanza kuonekana ushamba ndani ya miaka michache. Hakuna kilichobadilika kinywani; kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Vietnam pia walipaka meno meusi. Skandinavia, baadhi ya wanaume wa enzi ya Waviking walijichonga mistari ya kukingama kwenye meno ya mbele, mifereji myembamba iliyonyooka ambayo bila shaka ilichongwa na mkono uliozoea. Na Antonio Pigafetta, mwandishi wa safari ya Magellan, alipofika visiwa vya Ufilipino mwaka 1521 aliandika habari za mfalme wa Butuan aliyekuwa na nukta za dhahabu kwenye meno yake. Pangasinan, katika visiwa hivyohivyo, lilipatikana fuvu ambalo meno yake yamefunikwa vipande vidogo vya dhahabu vilivyopangwa kama magamba ya samaki.

Wamaya walipachikaje vito kwenye meno bila kuliua jino?

Swali hili nalipenda kwa sababu linagusa mikono. Wamaya wa Amerika ya Kati walipachika jade, pairiti na feruzi kwenye meno ya mbele. Walitumia mrija au kijiti kigumu kilichozungushwa kwa kasi, na chini yake walitia unga wa kwatsi uliochanganywa na maji. Kijiti peke yake kisingeweza kuikata enameli. Unga ndio uliokata. Hata leo sisi maabara tunasaga kauri kwa kanuni hiyohiyo, ya chembe ngumu kuliko kile unachokikata.

Shimo lilikuwa la mviringo, lenye kingo safi. Kito kilichongwa kikae humo bila kucheza, kikashikizwa kwa gundi yenye utomvu wa mimea. Vito vingi bado viko mahali pake baada ya zaidi ya miaka 1,000. Nimetengeneza kazi ambazo hazikudumu kumi.

Je, jino halikufa? Mara nyingi fundi alisimama kabla ya kuufikia moyo wa jino, penye mishipa ya damu na fahamu. Ila si kila mara. Yapo mafuvu ambayo mfupa umeliwa na usaha chini ya jino lenye kito. Aliyepachikiwa kito hicho aliteseka sana.

Ni kweli Warumi walisafisha meno kwa mkojo?

Ni kweli jambo hilo lilijulikana Roma. Mshairi Catullus alimsuta mtu aitwaye Egnatius, aliyekenua meno kila mahali, hadi mazikoni na mahakamani, akisema kadiri meno yake yanavyong'aa ndivyo inavyoonekana amekunywa mkojo mwingi. Alilihusisha zoea hilo na watu wa Hispania alikotoka Egnatius.

Kikemia si upuuzi. Mkojo ukikaa, urea yake hugeuka amonia, na amonia husafisha. Wafua nguo wa Roma waliutumia kwenye vitambaa kwa sababu hiyohiyo. Hata Pierre Fauchard, ambaye tutafika kwake, bado aliwashauri wagonjwa wasukutue kwa mkojo wao wenyewe katika karne ya 18.

Kabla ya madaktari wa meno, nani alifanya kazi hii Ulaya?

Vinyozi. Kinyozi ndiye aliyekuwa na vyembe, kwa hiyo alinyoa, alitoa damu na aling'oa meno. Aliyetaka meno meupe alikwaruzwa kwa tupa, kisha akapakwa maji makali, yaani asidi ya nitriki. Meno yalitoka meupe siku ile. Lakini tupa ilikuwa imekwisha ondoa sehemu ya enameli na asidi ikaila iliyobaki, na baada ya muda jino likaanza kuonyesha manjano ya dentini iliyo chini, likauma kwa baridi, likatoboka.

Nikilinganisha na Japani, huwa nasikitika. Mmoja alipaka meno yake meusi akafa nayo mazima. Mwingine aliyataka meupe akayapoteza.

Kwa nini kwenye michoro ya zamani ya Ulaya karibu kila mtu amefumba mdomo?

Sababu zilikuwa mbili, na ziliendana. Ya kwanza ni hali ya meno yenyewe. Sukari ilipoanza kufika kwa wingi, waliotangulia kuila ni matajiri, na ndio waliotangulia kuoza meno. Mjerumani Paul Hentzner alimwona Malkia Elizabeth I wa Uingereza mwaka 1598 akaandika kwamba meno yake ni meusi, na akasema Waingereza wanaelekea kupata kasoro hiyo kwa kupenda mno sukari.

Ya pili ni adabu. Kuonyesha meno kwenye picha kulikuwa ishara ya mlevi, mwehu, mtoto au mtu asiyefunzwa. Mwaka 1787 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha jijini Paris picha aliyojichora akimkumbatia binti yake, midomo imeachana kidogo tu, na meno meupe yakionekana. Ukiitazama leo utaona mama mwenye furaha. Waungwana wa siku zile waliiona kama ukosefu wa adabu, na gazeti moja la umbea likalalamika kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana.

Si bahati kwamba ni Paris. Huko ndiko ufundi wa meno ulikokuwa umepiga hatua kuliko kwingine, na watu wenye uwezo walianza kuwa na meno ya kuonyesha.

Pierre Fauchard ni nani hasa?

Ni Mfaransa anayeitwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa. Mwaka 1728 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya kazi ya daktari wa meno, akaeleza hadharani yale ambayo wenzake waliyaficha kama siri ya kazi. Alikana kwamba meno hutobolewa na mdudu, imani iliyokuwa imedumu tangu Babeli na ambayo bado imo katika maneno yetu tunaposema jino limeliwa na mdudu. Alieleza pia namna ya kunyoosha meno kwa bamba la chuma lenye matundu, lililofungwa kwa uzi kwenye meno yaliyopinda. Waya za meno za leo zinatoka kwenye bamba lile.

George Washington alikuwa na meno ya mbao?

Hapana. Rais huyo wa kwanza wa Marekani alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Meno yake ya bandia yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko, meno ya watu, meno ya wanyama na madini, yakabanwa kwa springi zilizosukuma juu na chini ili yasidondoke. Pembe huingiza rangi ya vinywaji, ikapasukapasuka kwa mistari ya kahawia inayofanana na mbao, na inadhaniwa uvumi ulitokea hapo.

Watu wanaofahamu hilo mara nyingi huishia hapo. Mimi naomba tusiishie hapo. Katika daftari la hesabu za shamba lake la Mount Vernon, Mei 1784, yameandikwa malipo kwa watumwa Weusi kwa meno tisa. Haijaandikwa kama meno hayo yaliingia kinywani mwake au mwa mtu mwingine. Yameandikwa tu kama bidhaa nyingine yoyote, na hakuna mtumwa aliyekuwa na nafasi ya kukataa.

Biashara ya meno ya watu ilikuwa kubwa wakati huo. London, maskini waliuza meno ya mbele yang'olewe na kupachikwa palepale, yangali na joto, kwenye fizi za tajiri aliyekaa kiti cha pili. Daktari mpasuaji John Hunter alilitetea zoezi hilo kwa maandishi mwaka 1771. Meno hayo hayakudumu, na wapo waliopata kaswende kupitia kwayo. Kisha ikaja vita ya Waterloo mwaka 1815. Wanajeshi waliokufa walikuwa vijana, meno mazima. Walipita watu na koleo usiku, na meno yakauzwa hadi Uingereza, ambako yalipata jina la meno ya Waterloo.

Kauri iliingiaje kwenye meno?

Iliingia kwa harufu mbaya. Alexis Duchâteau, muuza dawa wa Kifaransa, alikuwa na meno ya pembe yaliyonyonya kila kitu na kunuka. Akaona kwamba vyombo vyake vya kauri, alivyosagia dawa siku zote, havishiki rangi wala harufu. Karibu mwaka 1774 akaenda kwa wachoma kauri akawaomba wamtengenezee meno.

Hapa ndipo mtu wa maabara anapotabasamu. Kauri hunywea tanurini. Ukiifinyanga sawasawa na kinywa, inatoka imepungua na haikai. Inabidi uifanye kubwa kwa kipimo cha kunywea kwake, na kipimo hicho hubadilika kulingana na udongo, maji na joto. Duchâteau alihangaika mpaka akafanikiwa kujitengenezea seti moja. Daktari Nicolas Dubois de Chémant aliyefanya kazi naye ndiye aliyeboresha mchanganyiko, akaondoka Ufaransa wakati wa mapinduzi na akapata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, Uingereza mwaka 1791. Mwaka 1808 Giuseppangelo Fonzi, Mwitalia aliyefanyia kazi Paris, akatengeneza meno ya kauri ya mojamoja yenye pini za platini. Tangu hapo iliwezekana kuchagua umbo na rangi ya kila jino.

Kilichokosekana ni sehemu ya ufizi iliyo nafuu. Mpira mgumu uitwao valkanaiti, uliotokana na ugunduzi wa Charles Goodyear, uliijaza nafasi hiyo kuanzia miaka ya 1850, na watu wa kawaida wakaweza kumudu meno ya bandia. Kampuni iliyoshika hataza ikawatoza madaktari ada na kuwafukuza mahakamani waliokataa. Ugomvi ulikuwa mkali mpaka Aprili 1879, San Francisco, daktari Samuel Chalfant alimpiga risasi na kumuua Josiah Bacon, aliyekuwa mweka hazina wa kampuni hiyo.

Kofia za kauri, zile zinazolifunika jino zima, zilianza na nani?

Na Charles Land wa Detroit, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alichukua karatasi ya platini nyembamba mno, akaikandamiza juu ya nakala ya jino lililochongwa mpaka ikashika kila kona, akaweka unga wa kauri juu yake tabaka kwa tabaka na kuuchoma. Platini haiyeyuki kwa joto hilo. Mwishoni aliivua, ikabaki ganda tupu la kauri lenye rangi ya jino.

Lilikuwa zuri kuliko chochote kilichotangulia, na lilikuwa na tabia ya kupasuka. Na ili livae vizuri, jino lilipaswa kunyolewa pande zote. Urembo ulipanda, gharama ya jino nayo ikapanda.

Vinia ni uvumbuzi wa Hollywood?

Kwa asili, ndiyo. Sinema zilipoanza, uso wa mtu ukawa mkubwa kama ukuta, na kila pengo likaonekana. Charles Pincus, daktari wa meno wa huko, aliombwa awasaidie waigizaji. Akatengeneza vinia, yaani vigamba vyembamba vya kuvaliwa juu ya meno, akavishikiza kwa unga wa gundi unaotumika kwenye meno ya bandia. Kazi ikiisha, mwigizaji alivivua. Shirley Temple, mtoto aliyekuwa nyota wa miaka ya 1930, alivaa vya Pincus meno ya utotoni yalipokuwa yakidondoka, ili mapengo yasionekane.

Nataka lieleweke hili: vinia za kwanza hazikuondoa chochote. Zilikuwa vazi la kuigizia. Hazikuweza kuliwa nazo chakula, kwa sababu hakukuwa na gundi ya kushikana na enameli kinywani, mahali penye maji saa zote.

Gundi hiyo ilipatikana kwa kutazama kazi ya watu wengine. Michael Buonocore, aliyefanya utafiti Rochester, New York, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki ili rangi ishike. Akajaribu kwenye enameli, asidi ya asilimia 85 kwa sekunde 30, na mwaka 1955 akachapisha matokeo. Ukiitazama enameli iliyopakwa asidi hiyo kwa hadubini unaona uso uliokuwa laini umekuwa kama sega la nyuki, vishimo vingi vidogo. Plastiki ya majimaji ikimiminwa juu huingia ndani ya vishimo, ikigumu inakuwa na mizizi. Kinachoondolewa ni chembamba kuliko unywele.

Kwangu mimi hii ndiyo siku kubwa kuliko zote katika historia hii, kuliko Hollywood, kuliko kompyuta. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuongezea jino badala ya kulikata ili lishike kitu. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya rezini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na unga wa madini, mama wa vijazio vyote vyeupe vya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Simonsen na John Calamia wakaonyesha kwamba kauri nayo ikipakwa asidi ya haidrofloriki hupata vishimo vyake. Pande zote mbili zikawa na meno ya kung'atana, jino na kauri, na gundi katikati. Vazi la Pincus likawa la kudumu.

Na kung'arisha meno kwa dawa?

Wengi hudhani kulitoka kwenye kampuni. Kulitoka kwenye bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari wa kunyoosha meno wa Arkansas, Bill Klusmier, alimpa mgonjwa dawa ya kutuliza fizi aiweke ndani ya kifaa cha mdomoni usiku. Dawa ilikuwa na kabamaidi peroksaidi. Fizi zilipona, na meno yakawa meupe zaidi. Alilieleza kwa wenzake, lakini lilibaki mazungumzo ya madaktari mpaka mwaka 1989, Van Haywood na Harald Heymann walipochapisha makala juu ya njia hiyo.

Peroksaidi hupenya kwenye enameli na kuvunja molekuli zenye rangi. Haikwarui. Ikitumiwa kwa kiasi, jino linabaki zima, ingawa linaweza kuuma kwa baridi siku chache. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, uliruhusu dukani bidhaa zisizozidi asilimia 0.1 ya peroksaidi ya haidrojeni. Zinazofika asilimia 6 zikawa za kuanzishwa na daktari wa meno, na si kwa walio chini ya miaka 18.

Madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki yanatokana na nini?

Baadhi ni floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa utotoni. Frederick McKay alifika Colorado Springs mwaka 1901 akakuta watoto wengi wa mji ule wana meno ya kahawia, na hakuna aliyejua kwa nini. Alilifuata jambo hilo kwa miaka 30. Aligundua njiani kwamba meno yale mabaya kwa macho hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 maabara ya kampuni ya aluminiamu, chini ya mkemia H. V. Churchill, ikapima maji na kukuta floraidi. Dawa za meno zenye floraidi kidogo zinatokana na madoa yale.

Mwenye madoa hayo asidhani kwamba meno yake ni machafu au ni dhaifu. Doa liko ndani ya enameli. Mara nyingi linapunguzwa kwa njia nyepesi, na vinia ije mwisho.

Waya, plastiki angavu na vipandikizi vilitoka wapi?

Edward Angle, Mmarekani, alipanga aina za meno yasiyokutana sawasawa mwaka 1899, na mpango wake bado unatumika. Plastiki angavu za kunyooshea meno zilianza na kampuni ya Align, California, mwaka 1997. Kipandikizi cha titani, kigingi kinachopandwa kwenye mfupa ili kibebe jino la bandia, ni cha Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi: mwaka 1952 alitaka kutoa kifaa cha titani kwenye mfupa wa sungura, kikakataa kutoka, mfupa umekishika. Mtu wa kwanza aliwekewa meno kwa njia hiyo mwaka 1965. Kabla ya hapo daraja la kuziba pengo liliwagharimu majirani wawili wazima, walionyolewa ili walibebe.

Nichague kofia au vinia?

Uamuzi ni wako na daktari wako, aliyeona kinywa chako. Mimi nitakupa hesabu. Daniel Edelhoff na John Sorensen walipima mwaka 2002 kiasi kinachoondolewa kwenye sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Vinia: kati ya asilimia 3 na 30, kulingana na mchoro wake. Kofia nzima: kati ya asilimia 63 na 72.

Kama jino limevunjika au limejazwa mno, kofia inaliokoa, na naitengeneza kwa moyo mweupe. Ninachoumia nacho ni nakala za jasi zinazoletwa mezani kwangu za kijana mwenye meno mazima aliyetaka tu yawe meupe, na sasa yamebaki vigingi, kumi juu, kumi chini. Naweza kukadiria kwa kidole kilichoondolewa. Siwezi kukirudisha. Uliza kabla hujafumbua kinywa: mtaondoa milimita ngapi, na je, hatuwezi kuanza na kung'arisha?

Kofia ikitolewa, jino linarudi lilivyokuwa?

Hapana. Utakuta kigingi, kinahitaji kofia nyingine, na kofia zina umri.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila ninapoulizwa hivi. Ota Benga alikuwa kijana wa Kimbuti kutoka Kongo. Meno yake ya mbele yalichongwa ncha tangu kwao, na kwao ulikuwa uzuri. Mwaka 1904 alipelekwa St. Louis, Marekani, kwenye maonyesho ya dunia, na watu walilipa senti tano awaonyeshe meno. Waliambiwa ni ya mla watu. Septemba 1906 aliwekwa kwenye banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi wachungaji Weusi walipopiga kelele akatolewa.

Baadaye alipelekwa Lynchburg, Virginia. Akavishwa nguo za Kimarekani, na meno yake yakafunikwa kofia ili yafanane na ya wengine. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku akitumaini kurudi kwao, lakini vita ya kwanza ya dunia ikafunga njia za meli. Tarehe 20 Machi 1916 aliwasha moto, akazivunja zile kofia akazitoa mdomoni, na akajiua kwa bastola aliyoiazima. Alizikwa na meno yake.